Video haipatikani nchini kwako: jinsi ya kujua kilichokuzuia na cha kufanya

Umelipia mwezi mzima, bando lipo, picha ya tamthilia unaiona kabisa kwenye skrini, ukigusa unaambiwa haipatikani mahali ulipo. Inaudhi, na ni haki yako kuudhika: mwenye nakala ya wizi haoni ujumbe huo hata siku moja, anayeuona ni yule aliyetoa pesa yake.

Ila hasira hiyo ndiyo huwaingiza watu hasara ya pili. Wengi hukimbilia kununua VPN papo hapo, yaani huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine, na kumbe kilichowazuia hakiponi kwa VPN. Inaweza kuwa nchi ya duka la programu, au kadi, au anwani ya IP (namba ya mtandao wako) iliyosajiliwa vibaya. Wakati mwingine ni VPN nyingine waliyoiwasha zamani wakaisahau. Kwanza ujue ni mlango gani umefungwa. Baada ya hapo dawa nyingi hazina gharama.

Kwa nini milango ipo? Haki za kuonyesha huuzwa eneo kwa eneo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania, wa thamani ya shilingi bilioni 225.6. Aliyelipa kiasi hicho hawezi kukubali mechi ileile ionekane kwa mwingine ndani ya eneo alilonunua. Filamu nazo ni hivyo hivyo. Netflix ilifungua huduma katika nchi zaidi ya 130 kwa mkupuo tarehe 6 Januari 2016, Kenya na Tanzania zikiwemo, lakini kila nchi ilipewa orodha yake ya filamu. Siku nane baadaye kampuni hiyo ikatangaza kuwabana wanaopita kwa proksi, yaani seva za kati zinazoficha nchi waliyoko.

Milango minne, na jinsi ya kuitambua

Mlango wa kwanza ni anwani ya IP, ile namba ambayo mtandao wako huonekana nayo nje. Dalili yake: programu inafunguka, akaunti inaingia, lakini video inakataa au huduma nzima inasema haipo eneo lako. Wa pili ni duka la programu. Hapo huipati kabisa programu kwenye Play Store au App Store, hata ukiandika jina lake sawasawa. Wa tatu ni kadi: unafika hadi ukurasa wa malipo, unajaza, inakataa, na pesa benki ipo. Wa nne ni akaunti yenyewe, ambayo ilisajiliwa nchi fulani na inaendelea kuhesabiwa ya huko.

Upo ujumbe mwingine unaofanana na huu lakini si wa nchi. Tangu 2023 Netflix huifunga akaunti kwenye kaya moja, na runinga hutambuliwa kwa intaneti ya nyumba ilipo. Mjomba aliyeko Muscat akiwapa ndugu zake wa Tanga neno la siri, runinga ya Tanga itaambiwa si ya kaya hiyo. Kubadili nchi hakusaidii hapo. Kuongeza mtu kwa malipo nako kunataka awe nchi moja na mwenye akaunti, kwa hiyo Tanga wafungue akaunti yao.

Dakika kumi za uchunguzi

1. Zima Wi-Fi, jaribu kwa data ya simu. Kisha fanya kinyume chake. Ikifunguka upande mmoja na kugoma mwingine, tatizo ni la mtandao. Akaunti yako ni nzima.

2. Angalia juu ya skrini. Android huonyesha alama ya ufunguo, iPhone huandika VPN. Ukiiona, zima. Programu za kuzuia virusi nazo huwasha VPN zao kimyakimya. Mwenye iPhone anayelipia iCloud+ aangalie pia Private Relay, kwa kuwa nayo huficha IP.

3. Fungua fast.com kwa Chrome au Safari. Usitumie Opera Mini: ikiwa kwenye hali ya kubana data kabisa, kurasa hupitia kwanza seva za Opera, na tovuti huziona seva hizo badala ya simu yako. Kipimo kikiisha gusa maelezo zaidi. Tovuti hiyo ni ya Netflix wenyewe, na chini huandika mji, nchi na IP wanayokuona nayo.

4. Fungua ipinfo.io, halafu ukurasa wa kutafuta IP wa MaxMind, kampuni inayoorodhesha IP na nchi zake. Andika nchi ambayo kila mmoja ametaja. Anwani nyingi za Afrika huanza na 41, 102, 105, 154, 196 au 197. Ukiwa Kigoma na namba yako inaanza na nyingine kabisa, ichunguze zaidi.

5. Fungua test-ipv6.com. Simu nyingi siku hizi zina anwani mbili kwa pamoja, ya mfumo wa zamani (IPv4) na ya mfumo mpya (IPv6), na zinaweza kusomeka nchi mbili tofauti. Huduma ikiona mgongano inakataa.

6. Toka kwenye akaunti, ingia upya kwa dirisha la faragha la kivinjari. Kuki za zamani, yaani vijifaili ambavyo tovuti huacha kwenye kivinjari, hubeba kumbukumbu ya nchi ya jana.

Nchi zote zikilingana na mahali ulipo, na filamu bado inakataa, basi haki za filamu hiyo hazijanunuliwa kwa nchi yako. Ruka hadi mwisho. Zisipolingana, endelea hapa chini.

IP yako inaposomwa nchi nyingine

Hili ndilo linalodhulumu watu wengi bila wao kujua, kwa sababu hawajafanya kosa lolote. Hakuna daftari moja la dunia linalosema IP fulani iko nchi fulani. Yapo madaftari ya kampuni binafsi, kama MaxMind, IPinfo, IP2Location na DB-IP, na kila huduma ya video hununua lake. Mtoa huduma wa intaneti akinunua fungu la anwani lililokuwa la kampuni ya Ulaya, daftari moja litarekebishwa wiki hiyo na jingine litakaa miezi likisema Ulaya. Intaneti ya setilaiti ina hatari ya ziada: mawasiliano hushuka ardhini kwenye kituo ambacho huenda kiko nchi ya jirani. Ndiyo maana Starlink huchapisha hadharani orodha inayounganisha anwani zake na nchi za wateja, lakini orodha hiyo husaidia tu pale huduma ya video inapoisoma.

Anza na lililo rahisi. Kwenye simu, washa hali ya ndegeni kwa sekunde 30 kisha izime. Mara nyingi utapewa IP nyingine. Nyumbani, chomoa rauta kwenye umeme kwa dakika tano. Kama IP mpya inasomwa sawa, umemaliza kwa leo, ingawa inaweza kurudi.

Isiposaidia, peleka marekebisho sehemu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kwenye daftari lenye kosa: MaxMind na IPinfo wana fomu ya kusahihisha kwenye tovuti zao, unajaza IP, nchi sahihi na mji. MaxMind huchapisha toleo jipya mara kwa mara, lakini huduma ya video inaweza kuchelewa kulichukua. Ya pili ni kwa mtoa huduma wako wa intaneti. Usimwandikie kwamba "Netflix haifanyi kazi". Ujumbe huo utajibiwa na mtu wa dawati la mbele atakayekuambia uwashe upya rauta. Andika hivi:

"IP yangu ya nje ni 203.0.113.25, saa mbili na nusu usiku tarehe 4. Niko Mwanza. ipinfo.io inaonyesha Tanzania, MaxMind inaonyesha Ufaransa. Naomba kitengo cha mtandao kisahihishe taarifa za mahali za fungu hili la anwani, au nipewe IP ya fungu jingine. Picha za skrini nimeambatisha."

Ujumbe wenye namba, saa na picha mbili hufika kwa fundi. Saa ni ya lazima: mitandao ya simu huweka wateja wengi nyuma ya IP moja na kuwazungusha, hivyo bila saa hawawezi kukupata. Na kwa sababu hiyohiyo ya IP moja kwa watu wengi, unaweza kutuhumiwa kutumia VPN ambayo ni ya jirani usiyemjua. Kwenye Netflix dalili yake ni msimbo M7111-5059. Kama huna VPN na unauona, ubadilishe IP kwanza, kisha uwaandikie huduma kwa wateja wa Netflix ukiwatajia msimbo huo.

Ukisafiri

Watu wanaohama kati ya Pwani na Ghuba, au kati ya Nairobi na Ulaya, hukutana na mambo haya kila mara, na mengi yanapangika kabla ya kufunga begi.

Jambo ambalo wengi hawalijui: laini ya nyumbani ikiwa kwenye rominga, kwa kawaida data yake hurudi kwanza kwenye mtandao wa nyumbani ndipo itoke kwenda duniani. Uko Dubai na laini ya Kenya, tovuti zinakuona Kenya. Rominga ni ghali kwa kutazama filamu, lakini kwa kufungua akaunti iliyogoma, kuthibitisha kifaa au kushusha kipindi kimoja kifupi, inatosha. Kinyume chake, laini za kielektroniki (eSIM) za watalii zinazouzwa mtandaoni mara nyingi hutokea nchi ya tatu kabisa. Umenunua ya Uingereza, unasomeka Poland au Hong Kong. Ukishuka tu uwanjani, kabla ya kulaumu huduma ya video, rudia hatua ya tatu ya uchunguzi.

Vilivyoshushwa kwenye simu havifanani. Vipindi vya BBC iPlayer ulivyovishusha ukiwa Uingereza unaweza kuvitazama ukiwa nje. Netflix ni tofauti: filamu uliyoishusha Dar es Salaam inaweza kugoma ukiunganisha intaneti nchi ambayo haina haki zake. Kama safari ni ndefu, iache simu kwenye hali ya ndegeni mpaka umalize kutazama, na ukumbuke kwamba baadhi ya filamu hufa saa 48 baada ya kuzianza. Spotify ya bure hukuruhusu siku 14 nje ya nchi ya akaunti, kisha hukutaka ubadili nchi; wanaolipia hawabanwi na siku hizo, ila lazima waunganishe intaneti angalau mara moja kila siku 30 ili nyimbo walizoshusha ziendelee kucheza.

Kwa wanaoishi nchi za Umoja wa Ulaya, sheria iko upande wenu. Tangu tarehe 1 Aprili 2018, kanuni namba 2017/1128 inazitaka huduma za kulipia zikupe orodha ileile ya nyumbani unaposafiri kwa muda ndani ya Umoja. Unakaa Ubelgiji, umekwenda likizo Ureno, unapaswa kuona kile unachokiona Ubelgiji. Ukikataliwa, itaje kanuni hiyo kwa namba. Uingereza imetoka kwenye mpango huu tangu mwisho wa 2020.

Soka nalo lina ajabu yake. Aliyeko London hawezi kuona kwenye runinga mechi za Ligi Kuu ya England za Jumamosi zinazoanza saa tisa alasiri, kwa kuwa kuanzia saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja na robo jioni nchi hiyo huzuia soka la moja kwa moja ili watu waende viwanjani. Mdogo wake aliyeko Mombasa anaiona mechi hiyohiyo saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili majira yao ya baridi, kupitia SuperSport. Ukiwa London hakuna kifurushi cha halali kitakachokufungulia saa hizo. Sikiliza redio, tazama muhtasari usiku. Aliyeko Oman au Falme za Kiarabu akumbuke kwamba haki za ligi hiyo huko ni za runinga ya beIN, hivyo akaunti ya king'amuzi cha nyumbani haitamsaidia hata ikiwa imelipiwa.

Duka la programu, kadi na runinga iliyotoka nje

Play Store: gusa picha yako, ingia mipangilio, jumla, kisha sehemu ya akaunti ambako nchi imeandikwa. Utaona chaguo la kuhamia nchi mpya kama tu upo huko na una njia ya kulipa ya huko. Mabadiliko yanaweza kuchukua saa 48, na ukishabadili huwezi kurudi hadi mwaka upite. Salio la Google Play halihami nawe. Kwa hiyo usibadili kwa safari ya wiki mbili.

Apple ni wagumu zaidi. Lazima salio liwe sifuri, usajili wote ufutwe na muda wake uishe, na mara nyingine utoke kwenye kundi la familia. Watu hukwama hapa kwa senti 40 zilizobaki ambazo hazinunui kitu. Waandikie Apple wazifute.

Kadi hutaja nchi yake yenyewe, kwa kuwa tarakimu zake za mwanzo humtambulisha mtoaji. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay ni kadi ya Kenya popote ulipo, na itakubaliwa na akaunti ya Kenya. Kadi za zawadi za Apple nazo zina nchi: shangazi akinunua Marekani akamtumia mpwa wake Nairobi, namba hazitakubali kwenye akaunti ya Kenya. Amlipie usajili moja kwa moja, au atume pesa.

Runinga janja iliyoletwa kutoka Dubai mara nyingi huja na duka la programu la huko. Kwenye LG ingia mipangilio ya jumla, tafuta nchi ya huduma, ondoa uchaguzi wa moja kwa moja, weka nchi yako. Runinga itajizima na kuwaka. Orodha ya programu itabadilika, na utahitaji kuingia upya kwenye kila akaunti.

VPN: inachoweza na isichoweza

Masharti ya huduma nyingi yanakataza kuitumia kubadili nchi. Sheria nayo ipo. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN Tanzania kuwasilisha taarifa zao pamoja na anwani za IP kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Oman mtu binafsi anaweza kutozwa faini ya rial 500. Falme za Kiarabu, kuitumia kwa kosa la jinai kuna faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi milioni 2. Soma sheria ya mahali ulipo kabla ya kuiwasha.

Kwa Netflix, hata ikikubali, mara nyingi utaonyeshwa zile filamu tu ambazo wana haki zake dunia nzima, na mpango wenye matangazo hauruhusu VPN kabisa. Na waliojisajili YouTube Premium kwa VPN ili wapate bei ya nchi rahisi, walianza kufutiwa usajili mwaka 2024.

Inapogoma, sababu huwa chache. VPN inabeba IPv4 huku IPv6 ikipita nje yake: kwenye Android fungua mipangilio ya APN (ile ya data ya laini), badili itifaki iwe IPv4 pekee. Simu inatoa mahali kwa GPS: iondolee programu ruhusa hiyo. IP ya VPN imeshajulikana: hakuna dawa.

VPN za bure kaa nazo mbali. Mwaka 2015 ilibainika kwamba moja yenye mamilioni ya watumiaji ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake kwa wengine, hivyo mgeni aliweza kufanya mambo yake kwa IP ya nyumba yako.

Jambo linalowaumiza watu wa huku hasa ni bando. Bando la YouTube au la mitandao ya kijamii hufanya kazi kwa sababu mtandao wa simu unaona unakwenda YouTube. VPN ikiwashwa hauoni tena, unakata bando kuu. Saa moja ya picha ya ubora wa juu kwenye Netflix hufikia GB 3. Unaweza kuamka salio limekwisha na bando la YouTube halijaguswa. Bando la usiku halina tatizo hilo, lenyewe hufuata saa.

Anayetaka kuonekana nyumbani akiwa mbali anaweza kupita kwenye intaneti ya nyumba yake mwenyewe, kwa WireGuard (programu ya VPN ya kujiwekea mwenyewe) kwenye rauta, mlango wa mtandao (port) UDP 51820. Hapo hutumii IP ya kampuni ya VPN, unatumia ya familia yako. Kinachokwamisha ni mambo mawili. Mtoa huduma asipokupa IP ya umma, yaani isiyogawanywa na wateja wengine, huwezi kuingia kutoka nje. Hapo weka Tailscale, programu ya VPN isiyohitaji IP ya umma, kwenye kisanduku cha Android TV cha nyumbani na ukifanye kiwe njia ya kutokea (exit node). Halafu kasi: wewe uliye mbali unapokea kile nyumba inachopakia, na picha ya 1080p inataka Mbps 5. Pima kasi ya kupakia. Ya kushusha haihusiki. Masharti ya huduma na sheria ya nchi uliko hazibadiliki kwa sababu rauta ni yako.

Kama haki hazijanunuliwa

Tafuta filamu kwenye tovuti ya JustWatch, chagua nchi yako juu ya ukurasa, uone ni huduma gani inayo. Kwa Netflix peke yake, unogs.com huonyesha nchi zenye filamu hiyo. Fanya hivi kabla ya kulipa, maana filamu huwa iko kwenye huduma nyingine usiyoifikiria, au inakodishwa moja moja.

Kama ulishalipa na huduma haifunguki, piga picha ya skrini yenye ujumbe wa kuzuiwa kabla ya kufuta programu. Uliyelipa kupitia Google Play, omba kurejeshewa ndani ya saa 48. Uliyelipa kupitia Apple, nenda reportaproblem.apple.com. Kisha ufute usajili wenyewe kwenye duka, kwa kuwa kuondoa programu kwenye simu hakusimamishi malipo ya mwezi ujao.